Taji la Kabati Letu la Highrise

Mke wangu aliniomba bawaba moja tu. Mlango wa kabati la jikoni ulikuwa umelegea, na yeyote aliyeufungua kutafuta chumvi alibaki ameushika mlango mzima mkononi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Fundi yeyote wa Kibera angeimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Lakini mimi nilikuwa nimesoma chuo kikuu, tena falsafa, na mtu aliyesoma falsafa hatii bawaba moja kwa moja. Anajiuliza kwanza kabati ni nini.

Ilikuwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumehamia Nyayo Highrise kutoka chumba kimoja cha mabati kule Kongo, Kawangware, ambako jikoni kwetu kulikuwa stovu ya mafuta ya taa iliyolala chini ya kitanda mchana na kutoka jioni. Highrise tulipata jiko lenye kuta zake lenyewe. Siku tulipoingia mke wangu alisimama katikati, akanyoosha mikono, akagusa kuta zote mbili kwa pamoja, akasema ni kubwa.

Kilichompotea katika kuhama ni wateja. Kule Kongo alikuwa akipika chapati na maharagwe mlangoni, na waashi na wafua nguo wa eneo zima walimjua kwa harufu. Highrise huwezi kukaanga chapati kwenye ngazi. Msimamizi wa jengo angekufukuza na wewe na kikaango. Kwa hiyo akaamua kuwa mpishi wa shughuli: watu wakiwa na jambo lao, wamwite yeye. Mlango wa kuingilia biashara hiyo ulikuwa kikundi cha akina mama wa kanisani kwake. Wengi walikuwa watu wa kutoka upande wa ziwa kama yeye, wanaojua samaki aliyepikwa na samaki aliyeoshwa tu kwa maji ya moto, na hawakuwa na desturi ya kuficha maoni. Walikuwa wakitembeleana nyumba kwa nyumba kwa zamu, na zamu yetu ilikuwa imefika. Jumamosi wangekuja kula kwetu, na wakishakula wangeamua nani apike kwenye harusi ya binti wa mhazini wao. Mke wangu aliitaka harusi ile kuliko alivyowahi kunitaka mimi. Aliniambia hivyo mwenyewe, akichambua mchele, bila hata kuinua macho.

Nilitaka kumsaidia. Naomba hilo likumbukwe.

Nilikuwa nimenunua kwenye wauza vitabu wa kando ya barabara jarida kuukuu la ng'ambo, la nyumba na mapambo, na ndani yake kulikuwa na picha ya jiko. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama ndani ya jiko hilo akicheka peke yake mbele ya bakuli la majani. Nyuma yake kabati zilipanda ukutani, na pale juu zilipokaribia dari hazikukatika ghafla kama zetu. Zilimalizikia kwa ukanda wa mbao uliochongwa mawimbi, uliojikunja kwenye kona na kuzunguka kabati zote kama taji. Nikatazama kabati letu. Juu yake kulikuwa na pengo, na ndani ya pengo kulikuwa na sanduku, sufuria iliyoungua, na nakala za tasnifu yangu ambazo panya walikuwa wamezisoma kwa makini kuliko mtahini yeyote. Nikaelewa papo hapo kwa nini yule mwanamke alikuwa anacheka na mke wangu hachekagi.

Sikuwa na futi ya kupimia. Nikalala chali sakafuni, chini ya kabati, nikajinyoosha, nikakuta linaanza utosini kwangu na kuishia kwenye visigino. Sawasawa kabisa. Mke wangu aliingia akanikuta hapo, akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia napima. Akaniruka, akachukua chumvi, akaurudisha mlango wa kabati mahali pake kwa goti, akatoka.

Mafundi walikuwepo hatua chache kutoka kwetu, lakini nilikwenda Kongo, kwa jirani yetu wa zamani. Alikuwa mtu wa Kitui na mimi ni wa Machakos, na kwa miaka yote tuliyogawana ukuta wa mabati tulikuwa tumeheshimiana kwa kudharauliana. Yeye husema watu wa Machakos hawajui kuchonga chochote isipokuwa maneno. Mimi humwambia Kitui wanachonga kwa sababu hawana cha kula. Karakana yake ilikuwa na sehemu tatu: vitanda mbele kwa ajili ya wapita njia, kabati katikati, na nyuma, chini ya karatasi za nailoni, kazi ile nyingine. Miaka ile kazi ile nyingine ndiyo iliyomlisha. Na mimi nilijua. Nimelala jirani na karakana hiyo, nimesikia majeneza yakigongwa nikiwa nasahihisha insha. Nalisema hili waziwazi kwa sababu watu huniuliza kama sikujua, na hawaridhiki na jibu.

Fundi aliishika ile picha mbali na uso, akaitazama.

"Huyu mama anacheka nini?"

"Sijui."

"Atakuwa ameshakula," akasema, akanirudishia jarida.

Akaniletea vipande vya mbao vilivyorandwa vizuri, vilivyonyooka, vya kawaida kabisa. Nikavikataa kwa upole wa mtu anayejua anachotaka. Macho yangu yalikuwa yameshakwenda nyuma, kwenye ukanda mmoja mrefu ulioning'inia kwenye boriti: wimbi juu ya wimbi, safu ya majani madogo katikati, umepakwa vanishi hadi ukawa mwekundu wa kahawia kama chai ya rangi. Nikasema ule.

"Huo ni wa kazi maalumu," fundi akaniambia.

"Hata yangu ni maalumu."

Alifikiri kidogo. Naamini alikuwa akitafuta sababu ya kukataa na hakuipata, maana kwake yeye mbao zilikuwa mbao, na mimi nilikuwa mteja. Akauliza urefu. Nikasimama wima, nikamwambia ni urefu wangu mimi. Akachukua futi yake, akanipima kutoka utosini hadi kisigino. Akauliza upana. Nikakumbuka kwamba kina cha kabati kilikuwa karibu sawa na mabega yangu, kwa hiyo akanipima na mabega, penseli ikiwa mdomoni, akaandika kwenye ubao. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mboga jirani yetu zamani alikuwa anaanika nguo pale karibu. Alisimama na shati lililolowa mkononi, maji yakimdondokea miguuni.

"Sasa, mama," nikamwambia.

"Pole, Mwalimu," akanijibu, kwa sauti ya chini sana.

Nikadhani ananipa pole ya jua.

Fundi ndiye aliyetoa wazo la fremu. Alisema ukanda wa namna hiyo ukipigiliwa juu kipande kwa kipande, ukiwa umesimama kwenye kiti na shingo imepinda, kona hazitakutana hata siku moja. Kila kona inataka ikatwe kwa mshazari, kipande hiki kiegemee kile, na dari za nyumba za siku hizi, alisema, zimejengwa na watu waliokuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Bora aunganishe kila kitu hapa chini mezani: pande nne, kona zikiwa zimeshikana kwa gundi, na juu aweke plaiwudi ya kuzuia vumbi. Halafu tulipandishe lote kwa pamoja na kulivisha kabati kama kofia. Niliona ni wazo la busara sana. Kwa kuwa nilikuwa nimemsifu, akaniongezea vishikio vya milango bure. Vilikuwa vikubwa, vya rangi ya dhahabu, vya kuning'inia, vyenye mapambo ya maua pembeni. Alisema vilibaki. Sikuuliza vilibaki kutoka wapi.

Ijumaa, nikitoka kufundisha, nilipita kuchukua kitu changu nikiwa bado nimevaa suti. Kilikuwa kizuri mno. Vanishi ilikuwa haijakauka, kwa hiyo fundi alikifunika kwa shuka jeupe, akiliinua kwa vijiti ili lisiguse. Tukakipandisha kwenye mkokoteni. Mwenye mkokoteni alikuwa kijana mrefu aliyefunga fulana kichwani. Alikitazama, akanitazama, akafungua ile fulana kichwani na kuivaa vizuri.

Tukaanza safari, yeye mbele akivuta, fundi kando akiwa ameshika kofia mkononi, maana ndani ya kofia ndimo alimoweka misumari, na mimi nyuma, mikono nimeikunja mgongoni, kwa sababu ndivyo ninavyotembea.

Sijawahi kupewa njia Nairobi kama siku ile. Kwenye barabara ya Ngong lori lilisimama likatupisha. Watu waliokuwa wakivuka walingoja upande wa pili. Mwanafunzi mmoja alisitisha kula muhogo. Nilihisi, na nasema hivi kwa aibu kamili, kwamba hatimaye jiji limeanza kuwaheshimu walimu. Nikanyoosha tai.

"Buda, leo barabara ni yetu," kijana wa mkokoteni akasema bila kugeuka.

Tulipokata kuingia Kibera mzee mmoja alivua kofia, akatoka kwenye kibaraza alichokuwa amekaa, akaanza kutembea pamoja nami. Kisha akaniuliza taratibu kama alikuwa ndugu.

"Hapana, ni ya jikoni," nikamwambia, nikionyesha shuka.

Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Wapishi hawadumu," akasema. "Ni ule moshi."

Nikamwona ni mzee wa ajabu kidogo, lakini mwenye adabu. Alinishika bega, akarudi kwenye kibaraza chake.

Msomaji ameshaelewa zamani. Mimi nilikuwa bado. Tuliposhuka kuelekea Silanga, wale akina mama wauza makaa na mboga waliweka chini walichoshika. Mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, ule wa polepole wa kuvuka mto, wengine wakaupokea, na kijana wa mkokoteni, ambaye alikuwa na sikio zuri, akapunguza mwendo ili magurudumu yaende na wimbo. Nikawapungia mkono. Mmoja wao, niliambiwa baadaye, alikuwa mwanachama wa kikundi cha mke wangu, aliyekuja pale kununua sukuma wiki. Alinitazama nikimpungia mkono, na aliporudi nyumbani aliwaambia wenzake kwamba jeneza la mwalimu limepita, na kaka yake anayefanana naye kabisa analifuata, amechanganyikiwa kwa uchungu, anacheka.

Msimamizi wa jengo alitufungulia lango lote, mbawa zote mbili, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata mtu mwenye gari. Nikamwambia tunapandisha hadi kwetu. Akakuna shingo.

"Kwa kawaida huwa wanashushwa, Mwalimu. Hii ya kupandisha sijaona."

"Ni taji la kabati."

"Sawa," akasema, kwa ile sauti ambayo mtu humkubalia mwenye homa. Akashika upande wa nyuma, akatusaidia kupandisha ngazi, na kila kona aliomba radhi, lakini si kwetu.

Kulipandisha juu ya kabati kulituchukua alasiri nzima. Fundi aliweka pima maji juu ya kabati, na kile kipovu kikakimbilia upande mmoja kikabanwa hapo. Dari ilikuwa imeinama kushoto na kabati limeinama kulia. Taji likikaa sawa na dari lilionekana limelewa. Likikaa sawa na kabati liliacha ufa wa kupitisha paka. Fundi akachanganya gundi na vumbi la mbao, akaziba, akapiga msasa, akaziba tena. Akapigilia vile vimisumari visivyo na vichwa, huku mimi nikishikilia upande wa pili kwa mikono miwili na paji la uso. Mwisho akafunga vishikio vya dhahabu kwenye milango. Tukarudi nyuma hadi sebuleni kutazama, maana jikoni kwetu hapakuwa na nafasi ya kurudi nyuma.

Fundi alifuta vumbi mikononi. Kisha akasema, kwa fahari ya kweli, kwamba katika kazi zake zote hii ndiyo ya kwanza ambayo ataweza kurudi kuitazama.

Hapo ndipo mke wangu alipoingia na vikapu vyake vya soko. Mikononi alikuwa na samaki waliofungwa kwa gazeti na kuku wawili hai, vichwa chini. Alisimama mlangoni mwa jiko. Aliangalia ule ukanda mwekundu wenye mawimbi na majani. Aliangalia kile kifuniko. Aliangalia vishikio, kimoja baada ya kingine. Kuku nao wakanyamaza.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikamwonyesha jarida. Alilitazama kwa utulivu, akalifunga, akaliweka juu ya meza. Halafu akanieleza, kwa maneno machache na mepesi, kitu ambacho Kawangware na Kibera nzima zilikuwa zimeshakijua tangu adhuhuri. Nilipogeuka kutazama tena, sikuona kabati. Niliona jeneza refu, la kifahari, lililopachikwa ukutani kwangu, la vipimo vyangu mwenyewe.

"Na bawaba iko wapi?" mke wangu akauliza.

Fundi akasema kuhusu bawaba hakuambiwa. Kisha akasema jua linazama, akachukua kofia yake.

Kuling'oa hakukuwezekana, gundi ya Kitui haikuwa na mzaha, na tulipolijaribu likaanza kushuka na plasta ya dari. Wageni walikuwa wanakuja kesho yake mchana. Mke wangu alikaa kwenye kigoda akiwa na kisu na samaki, akifikiri, na sikuthubutu kumwita kwa jina lolote. Mwishowe akaamka akaenda chumbani, akarudi na vitambaa vyake vyote vya kufuma, vile vyeupe vya kuwekwa migongoni mwa viti na juu ya redio. Akavitandaza juu ya taji na kuviangusha mbele, kimoja kando ya kingine, kulificha. Tukarudi nyuma tena hadi sebuleni.

"Sasa ni la tajiri," nikasema.

Alianza kukwaruza magamba.

Jumamosi tulisikia wimbo ukipanda ngazi. Ulikuwa ule ule wa kuvuka mto. Mke wangu, aliyekuwa akigeuza chapati, akasema wenzake wana furaha leo, niwafungulie. Nikafungua.

Walikuwa wamejaa ngazi hadi chini, leso zimefungwa viunoni, nyuso zimeshuka. Walikuwa wamebeba sukari, majani ya chai, unga na maziwa. Mmoja alikuwa na mzigo wa kuni kichwani, wa kupeleka kwenye nyumba ya ghorofa yenye meko ya gesi. Mbele alisimama mwenyekiti wao, mama mkubwa wa umbo na wa sauti, mkono wa kulia ukiwa tayari umenyooshwa kumshika mfiwa. Mkono ulibaki hewani. Wimbo ukaisha vipande vipande kuelekea chini ya ngazi, kadiri habari ilivyowafikia wa nyuma.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema. "Uko."

"Niko, mama."

"Tulisikia ulipimwa Kongo. Mpaka mabega."

"Nilipimwa, ndiyo."

"Na jana ukapandishwa."

"Nililipandisha mimi mwenyewe."

Alinitazama kutoka juu hadi chini, polepole, akihakikisha viungo. "Basi ni nani amelala humo ndani?"

Walinipita wakaingia, na kutoka sebuleni jiko lote lilikuwa wazi mbele yao: lile umbo refu chini ya dari, jekundu, limefunikwa vitambaa vyeupe, vishikio vya dhahabu viking'aa kwa jua la dirishani. Mama wa kuni alitua mzigo wake. Mhazini, mama wa bibi harusi, alishika ukuta. Jikoni chapati moja ilianza kuungua.

Mke wangu akaitoa ile chapati. Kisha akashika kishikio cha dhahabu kutoa sahani, na mlango wote ukatoka mkononi mwake. Mama mmoja alikaa chini sakafuni kwa kukosa njia nyingine. Mke wangu akasimama pale ameubeba mlango mbele ya kifua, nyuma yake rafu zimepangwa vikombe, na nikaona amechoka kuogopa.

"Ndani mna sahani," akawaambia. "Na kwenye sufuria mna samaki na kuku, na kapuni mna chapati. Bwana yangu alitaka kupamba jiko. Kama kuna aliyekuja kulia, alie sasa, chakula kinapoa."

Mwenyekiti ndiye aliyeanza. Kwanza mabega yake yalitikisika, nikadhani analia, kisha akaegemea mlango akacheka hadi leso ikafunguka kiunoni. Wakaangua wote. Wakaniita niwasimulie safari ya mkokoteni, wakaniita tena nisimame niwaonyeshe nilivyopimwa, na yule wa sukuma wiki akawaigiza mkono wangu nikiwapungia akina mama wa makaa. Kisha wakala. Sijapata kuona watu wakila vile. Mtu aliyejiandaa kulia mchana kutwa, ukimwambia hakuna msiba, njaa yote ya huzuni inamrudia tumboni. Samaki waliisha mpaka miiba. Mwenyekiti alimaliza kichwa cha mbuta peke yake, akifyonza mifupa na kuipanga kando ya sahani kwa heshima. Mhazini alirudia mchuzi, akaurudia tena, na mke wangu alimwona, na mimi nilimwona mke wangu akimwona.

Ndiyo maana iliuma zaidi. Wakinawa mikono, mhazini alimvuta kando karibu na dirisha. Hakuwa mama mbaya. Alimshika mkono.

"Chakula chako sina neno nacho, dada. Lakini harusi ina macho mengi. Watu wakiuliza mpishi ni nani, watajibiwa ni yule wa nyumba ya jeneza. Na upande wa bwana harusi ni watu wa kuogopa mambo."

"Nimeelewa," mke wangu akasema.

Akaenda jikoni akaosha sahani. Niliona akiosha moja ambayo tayari ilikuwa safi, akiigeuza chini ya maji, akiigeuza tena. Nikataka kumwambia kitu. Vitabu vyote nilivyosoma viligoma kunisaidia.

Wenzake walianza kushuka, wakiacha sukari na unga, kwa kuwa haifai kurudi na kitu ulichokipeleka msibani, hata kama marehemu amekufungulia mlango. Mama wa kuni naye alitaka kuziacha, nikamwomba azichukue. Mwenyekiti alibaki nyuma. Alisimama mlangoni mwa jiko akitazama juu, kwenye vitambaa. Yeye, ninapaswa kueleza, ndiye pia aliyesimamia kamati ya misiba kanisani. Miaka ile, mtu wa ziwani akifariki Nairobi, watu walikutana kwake kila jioni kuchanga hadi mwili usafirishwe nyumbani, na jioni hizo zilikuwa ndefu.

"Kawangware kuna matanga," akamwambia mke wangu. "Watu wanakuja wengi, na wanapewa chai ya rangi na mkate mkavu. Wakishaona huo mkate hawarudi, na wasiporudi hatuchangi. Wale wapishi wetu wa harusi hawataki kupika msibani. Wanasema inaharibu jina."

Mke wangu alifunga bomba.

"Wewe jina limeshaharibika," mwenyekiti akaendelea, bila ubaya wowote. "Na harusi huahirishwa. Hiyo nyingine haiahirishwi."

"Ni jioni gani?" mke wangu akauliza.

"Kuanzia kesho."

"Wana sufuria kubwa, au nitafute?"

Wakaanza kuongea sufuria. Walihama Kiswahili wakaingia lugha yao ya nyumbani, wakarudi, wakaniruka kama samani. Mwenyekiti alipoondoka, mke wangu alikuwa ameshapanga kichwani viazi, kabeji, nyama ya kuchemsha na nani atakayemkopesha meza.

Kesho yake asubuhi nilipanda juu ya kiti na nyundo. Nilikuwa nimeamua kuling'oa taji hata likishuka na dari nzima. Nilitaka walau hilo moja liwe sawa kwa ajili yake. Nilikuwa nimetoa vitambaa na kuingiza ncha ya nyundo chini ya wimbi la kwanza aliposema nyuma yangu:

"Shuka, Profesa. Viazi havijimenyi."

Alikuwa ameshatandaza gazeti sakafuni na kuliweka gunia katikati. Nikashuka. Alinipa kisu, akanionyesha unene wa ganda anaoutaka, akaniambia nilichokuwa nakitoa mimi ni nusu ya kiazi.

Aliwapikia wale wa Kawangware wiki nzima, na watu walirudi kila jioni, mchango ukatimia, na jamaa wa marehemu wakawaambia jamaa wengine. Harusi ya binti wa mhazini iliahirishwa hadi baada ya Pasaka, halafu hadi baada ya mavuno, kwa sababu ambazo hazikutuhusu, na mke wangu hakuzifurahia hata kidogo, au aliniambia hivyo. Kazi ilikuwa imemzidi. Kwenye shughuli za furaha watu walimkwepa. Akipita na mwiko mrefu begani majirani waliulizana ni nani amekufa. Lakini penye msiba hakuna aliyebishana juu ya mpishi kutoka Silanga hadi Kongo.

Waliomhitaji walielekezwa na mwenyekiti, ambaye hakuwahi kushika namba ya nyumba yetu kichwani. Aliwaambia wapande ngazi wachungulie milango, jiko lenyewe watalijua wakiliona. Kwa hiyo walikuja, watu wageni kabisa, wamechoka, kofia mikononi, wakichungulia nyumba moja baada ya nyingine. Walipofika kwetu waliangalia juu ya bega langu hadi jikoni, na niliona mwili wao ukitulia, kama wa mtu aliyefika alikotumwa.

"Ni hapa," mmoja humwambia mwenzake. Kisha kwangu: "Mwenyewe yuko?"

Nikawajibu kwamba yuko, wakaribie, waangalie wasikanyage maganda.